Opera ya Gandhi na Misa ya Kamina

Siku ya 5 Septemba 1980, katika mji wa Rotterdam, inchi ya Uholanzi, watu walisikia opera ambayo maneno yake yote yaliimbwa kwa Kisanskriti, lugha ya zamani ya vitabu vya dini ya Wahindi. Mtungaji wake alikuwa Mwamerika, Philip Glass. Habari iliyoigizwa ilikuwa ya huku kwetu Afrika: miaka 21 ya Mohandas Gandhi katika Afrika ya Kusini, toka 1893 hata 1914. Jina la opera ni Satyagraha, ndiyo kusema kushikamana na ukweli kwa nguvu zote.

Miaka 22 mbele ya siku ile, tarehe 23 Machi 1958, katika misioni ya Kamina, wakristu wa Katanga walisikia kwa mara ya kwanza Misa ambayo maneno yake yalikuwa ya Kilatini na sauti zake za Baluba na jirani zao. (Kyrie ni Kigiriki, wanasemineri wanajua.) Misa ile yaitwa Misa Luba, na sifa yake ilienea dunia nzima.

Twataka leo kuweka mambo haya mawili karibu karibu, opera ya Rotterdam na Misa ya Kamina. Si kwa kupenda kushangaza wasomaji. Ni kwa sababu yote mawili yanauliza neno lile lile: miziki ya mataifa mawili ikikutana, nani anaongoza na nani anafuata, na mwisho jina la nani linaandikwa? Sisi mapadri na makatekista twakutana na swali hili kila Dominika, hapa Naviundu kama penginepo, korali inapochukua sauti ya Ulaya, ngoma ya kijiji na kinanda cha umeme na kuvitia vyote katika Gloria moja. Wako wanaosema kwamba miziki miwili ikichanganywa inaharibika yote, kama pombe iliyotiwa maji: si pombe tena, wala si maji ya kunywa. Neno hili tulipime kwanza kwa habari zenyewe.

Tuanze na opera, kwa ajili ya wale wasioijua. Opera ni mchezo wa teatri unaoimbwa toka mwanzo hata mwisho, pamoja na orkestra. Ilianza Italia karibu na mwaka 1600. Watungaji wa Ulaya walipenda tangu zamani kutafuta habari za inchi za mbali, na Uhindi iliwavuta sana. Mwingereza Gustav Holst alijifunza Kisanskriti, akatunga opera ndogo, Sāvitri, iliyochezwa London mwaka 1916. Ni habari ya mke aliyeshindana na Mauti kwa ajili ya mume wake. Mfaransa Albert Roussel alitembea Uhindi mwaka 1909, akatunga Padmâvatî, iliyochezwa Paris mwaka 1923, na ndani yake alijaribu kutia namna za sauti za Kihindi. Kazi hizi ni nzuri. Lakini mara nyingi Uhindi ndani yake ni kama nguo ya sikukuu: mtu anaivaa, anapendeza, na chini ya nguo anabaki yule yule wa jana.

Glass alifika Uhindi kwa njia nyingine, njia ya mwanafunzi aliyeshindwa. Miaka ya 1965 na 1966 alikuwa Paris, akijifunza kwa bibi mmoja mwalimu mkali, Nadia Boulanger. Akapewa kazi ya kuandika kwa alama za Ulaya muziki wa sinema moja, Chappaqua, ambao mwenyewe wake alikuwa Ravi Shankar, fundi mkubwa wa sitari. Pamoja na Shankar alikuwa Alla Rakha, mpigaji wa tabla, ndizo ngoma mbili ndogo za Wahindi. Glass anaandika, wapigaji wa Paris wanapiga, na Alla Rakha anakataa: si hivyo. Anaandika tena, si hivyo. Mhindi yule alirudia neno moja tu, kwamba noti zote ni sawa. Mwishoni Glass alifuta mistari ile ya kusimama inayokata muziki wa Ulaya vipande vipande sawasawa, na hapo macho yake yakafunguka. Aliona kwamba noti zinakaa kwa mafungu, mawili na matatu, yanayofuatana na kuongezwa moja juu ya lingine.

Tueleze neno hili vizuri, maana ndipo kitovu chake. Muziki wa Ulaya, kadiri tulivyofundishwa katika solfeji, unachukua kipimo kimoja na kukigawanya: nne kwa mbili, mbili kwa moja, moja kwa nusu. Ni kama kukata mkate. Muziki wa Wahindi unahesabu kwa kuongeza. Kipimo chao chaitwa tala. Iko tala ya mapigo 7, nayo ni 3 na 2 na 2. Iko ya mapigo 10, nayo ni 2 na 3, tena 2 na 3. Mpigaji anazunguka katika hesabu ile, anatoka mbali, anacheza na mwenzake, kisha wote wawili wanaangukia pigo la kwanza pamoja, na wasikilizaji wanatikisa kichwa kwa furaha. Juu ya tala mwimbaji anaweka raga, ndiyo njia ya sauti yenye kupanda na kushuka kwake, na nyingine zina saa yake ya siku.

Mtu aliyekulia karibu na ngoma hatashangaa. Katika ngoma nyingi za Afrika mafungu ya mbili na ya tatu yanapita pamoja, mmoja akihesabu hivi, mwenzake akihesabu vile, wala hawapotezani. A. M. Jones, padri wa Anglikani aliyekaa miaka mingi Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, alitoa mwaka 1959 kitabu kikubwa juu ya jambo hili, na kazi yake ilionyesha kwamba lililoitwa kelele lilikuwa na hesabu kali kuliko ya wengi waliolidharau.

Basi, Glass alipotunga Satyagraha, alifanya nini? Hakutia sitari. Hakutia tabla. Orkestra yake ina vyombo vya nyuzi vya Ulaya, filimbi za namna namna, na ogani. Tarumbeta hazimo, ngoma hazimo hata moja. Ukitafuta Uhindi kwa macho, hutaiona. Lakini ukisikiliza utaikuta katika hesabu: mafungu madogo ya noti yanarudi, yanaongezwa moja, yanapunguzwa moja, polepole, hata msikilizaji anasahau saa. Kadiri ya maoni yetu, huku ndiko kujifunza kweli. Mtu aliyekaa miguuni pa mwalimu hatembei tena akivaa kofia ya mwalimu. Mwendo wake ndio uliogeuka.

Na mchezo wenyewe? Una sehemu tatu, na juu ya kila sehemu amekaa shahidi mmoja anayetazama bila kusema neno: Tolstoi wa Urusi, aliyeandikiana na Gandhi, Tagore, mshairi wa Uhindi, na Martin Luther King wa Marekani, aliyemfuata nyuma. Habari hazifuati mpango wa miaka. Glass na mwenzake Constance DeJong walichagua mashairi toka Bhagavad Gita, kitabu ambacho Gandhi alikitafakari kila siku, wakayapanga juu ya mambo yaliyotokea Durban na Johannesburg. Watu kwenye jukwaa wanatenda jambo moja, na kinywani mwao yanatoka maneno mengine, ya zamani sana.

Padri anayesoma haya ataelewa upesi kuliko watu wa teatri. Wazee wetu walisikia Misa ya Kilatini miaka mingi. Hawakushika kila neno, lakini walijua wakati wa kupiga magoti, na mtu aliyefiwa alijua kwamba Requiem ni yake. Hatusemi kwamba opera ni ibada, wala Gita kwetu si Maandiko Matakatifu. Mtaguso wa Vatikano, katika andiko Nostra aetate la mwaka 1965, unatuambia kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini kama ile ya Wahindu, na hilo latosha kutufanya tusikilize kwa heshima. Padri Roberto de Nobili, Mjesuiti, aliyefika Madurai mwaka 1606, alijifunza Kisanskriti karibu miaka mia tatu mbele ya Holst, na hakuwa akitafuta habari ya teatri.

Sasa mambo yenyewe ya Gandhi, kwa ufupi. Katika Durban, tarehe 13 Januari 1897 (opera inaandika 1896; safari ya meli ilianza mwaka ule), Gandhi alishuka pwani, na Wazungu wenye hasira walimpiga kwa mawe na mateke. Bibi wa mkubwa wa polisi, Bibi Alexander, alifungua mwavuli wake, akasimama kati yake nao. Tarehe 11 Septemba 1906, katika teatri moja ya Johannesburg, Wahindi walikula kiapo kutotii sheria ya kuwaandikisha kwa alama za vidole. Tarehe 16 Agosti 1908, mbele ya msikiti, walitia karata zao zaidi ya 2,000 katika chungu kikubwa cha chuma chenye miguu mitatu, wakamwaga mafuta, wakawasha moto. Wazee wa Katanga waliowahi kutembea na kibuku mfukoni, wakiogopa polisi wa usiku, watajua moto ule ulikuwa na maana gani.

Na mwisho ni safari ya Newcastle. Huko Natal yalikuwa machimbo ya makaa ya mawe, na ndani yake Wahindi waliofungwa kwa mikataba. Aliyemaliza mkataba wake na kutaka kubaki alidaiwa kodi ya paundi 3 kwa mwaka. Oktoba 1913 waliacha kazi. Tarehe 6 Novemba walianza kwenda kwa miguu kuvuka mpaka wa Transvaal bila ruhusa: wanaume 2,037, wanawake 127, watoto 57. Gandhi alikamatwa mara tatu katika siku nne. Mwaka uliofuata kodi ile iliondolewa. Katika opera, safari hii ndiyo sehemu ya tatu yote. Watu wanalala mmoja mmoja, wanachukuliwa, na Gandhi anabaki peke yake chini ya King. Hapo anaimba ngazi moja ya noti nane inayopanda polepole, mara 30, ngazi ile ile. Maneno yake ni ya Krishna, anayeahidi kurudi kila haki inapoanguka. Tunakiri kwamba mara ya kwanza mtu anachoka mbele ya mara ya kumi. Akivumilia, mara ya ishirini na tano hatataka iishe.

Hata hivi, sherti tuseme neno moja ambalo wengi wanaosifu opera hii hawalisemi. Mwafrika yuko wapi? Habari yote ni ya Afrika, na katika sehemu zile hatumkuti mwenye inchi. Mwaka ule ule wa kiapo, 1906, Wazulu wa Natal waliasi pamoja na Bambatha juu ya kodi ya kichwa, na waliuawa kwa maelfu. Gandhi alikuwa upande wa Waingereza, akiongoza Wahindi wachache waliobeba machela. Ni kweli kwamba waliuguza Wazulu waliojeruhiwa, ambao Wazungu hawakutaka kuwagusa. Katika miaka ile aliandika pia maneno mabaya juu ya watu weusi, na maneno yale yapo mpaka leo katika vitabu vyake. Tena, karibu na shamba lake la Phoenix, katika Ohlange, John Dube alikuwa na shule yake tangu 1901. Na mwaka 1912 Dube alichaguliwa mkubwa wa kwanza wa chama ambacho leo chaitwa ANC. Majirani wawili, wote wawili na gazeti, wote wawili na watu wanaoteseka. Opera haikumtia Dube. Mtu anaweza kujibu kwamba teatri si kitabu cha historia, nasi twakubali. Lakini Tolstoi alikuja toka Urusi kukaa juu ya jukwaa, na jirani hakupata kiti.

Tunalisema hili bila chuki. Tunalisema kwa sababu jambo kama hili lilitokea Kamina pia, na huko waliosahauliwa ni watoto wetu.

Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubeleji, aliyezaliwa 1921 na kufa 2004, alifika Kongo mwaka 1953 na kupewa shule kuu ya Kamina. Hakuchelewa kuona kwamba watoto walioimba bila uhai nyimbo za Kizungu darasani walikuwa mafundi walipoimba nyimbo zao uwanjani. Akakusanya korali ya watoto karibu 45, wa miaka 9 hata 14, pamoja na walimu 15. Akaiita kwa jina la mfalme, Troubadours du Roi Baudouin. Ilikuwa hivyo siku zile. Mwaka 1958 korali ilisafiri Ulaya, ikaimba Ubeleji, Uholanzi na Ujerumani, na katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Disiki ilitoka mwaka ule.

Namna Misa ile ilivyotungwa ni ajabu kuliko Misa yenyewe. Hakuna mtu aliyekaa mezani na karatasi. Walichukua maneno ya Kilatini, wakachukua njia za nyimbo wanazozijua, wakajaribu pamoja siku kwa siku: mmoja anaanza, wengine wanapokea, sauti ya pili inaingia kwa desturi yake, ngoma inatafuta mahali pake. Haikuandikwa kwa alama. Kyrie, Gloria na Credo zinafuata namna ya kasala, ndiyo maombolezo ya Baluba. Katika Credo, wanapofika mahali pa kusulubiwa kwake Bwana, inasikika peke yake ngoma inayotangaza kifo kijijini. Sanctus na Benedictus zinatoka katika wimbo wa kuagana, Hosanna inachezwa kwa pigo la ngoma ya Kasai, na Agnus Dei imezaliwa katika wimbo wa Bena Luluwa.

Hapa Naviundu, Kwaresima moja, korali iliomba kuimba Kyrie ile. Mzee mmoja, katekista wa miaka mingi, alisimama katika mkutano, akasema: «Padri, kasala ni ya kilio. Nimeisikia juu ya maiti ya baba yangu. Namna gani tutaipeleka mbele ya altare?» Vijana wengine walicheka. Tuliwakataza kucheka, maana mzee alisema neno la kweli kuliko wao. Yeye alijua wimbo ule unabeba nini. Wao walijua tu kwamba unapendeza. Tulimjibu kwamba kasala haililii tu: inamwita mtu kwa majina yake, inataja ukoo wake na matendo yake, kusudi asipotee. Na mtu anayemwita Bwana mara tatu amhurumie, je, haombi jambo lile lile? Mzee hakushawishika siku ile. Alitaka kujua kama Askofu ameruhusu, na swali lake lilikuwa halali.

Tumjibu basi kwa historia. Papa Pius X, katika andiko lake la 22 Novemba 1903, aliweka wimbo wa Gregori kuwa kipimo cha muziki wa Kanisa, na wamisionere wengi walifahamu kwamba kila kilicho mbali na Gregori kibaki inje. Lakini Pius XII, katika barua ya Noeli ya 1955, aliwaomba wamisionere watumie upendo wa muziki walio nao mataifa wanaoongoka. Misa Luba ilikuja miaka miwili na miezi michache nyuma yake. Mwaka 1963 Mtaguso uliandika wazi, katika namba 119 ya sheria ya liturgia, kwamba katika inchi za misioni muziki wa taifa upewe heshima yake na mahali panapoufaa. Na mwaka 1988 Roma ilipitisha kitabu cha Misa kwa majimbo ya Zaire, chenye kuwataja watakatifu na wakubwa wetu wenye moyo mwema. Watoto wa Kamina waliimba mbele ya sheria kuandikwa. Mara nyingi katika Kanisa mambo yanakwenda namna hii.

Watu wengine walitwaa Misa ile upesi. Pasolini aliitia Gloria yake katika sinema ya Injili ya Mateo, mwaka 1964. Mwingereza Lindsay Anderson alitumia Sanctus katika sinema If...., mwaka 1968, habari ya wanafunzi waasi, na hapo wimbo wa kuagana ukawa wimbo wa vijana wa London. Kisha, mwaka 1990, korali Muungano ya Kenya, ikiongozwa na Boniface Mganga, ilitoa disiki yake ya Misa Luba. Ukisikiliza disiki zote mbili utaona kwamba hazifanani mahali pote, na ndivyo inavyopaswa. Wimbo uliozaliwa bila karatasi hauna sababu ya kuifuata karatasi kama mtumwa.

Katanga ilijua njia nyingine pia, na tusiipite kimya. Katika Elisabethville, Mbenedikti Dom Anschaire Lamoral alianzisha watoto waimbaji wa Croix de Cuivre, na katika kazi ile ya muziki alikulia Joseph Kiwele, mwalimu na mtungaji. Kiwele alishika solfeji na harmoni ya Ulaya kama mwenyewe, akatunga kwa jina lake. Kisha siasa ilimchukua: akawa waziri wa elimu wa Katanga ya Tshombe, na ndiye aliyetunga La Katangaise, wimbo wa inchi ile iliyodumu toka 1960 hata 1963. Alikufa mwaka 1961. Kuna watu ambao mpaka leo hawataki kusikia jina lake kwa sababu ya wimbo ule, na wengine wanalipenda kwa sababu ile ile. Kati yao, mwanamuziki amesahauliwa. Sisi twaona kwamba njia ya Kiwele na njia ya Kamina hazishindani. Kiwele alifanana na Holst, msomi anayeandika kila noti; Kamina walifanana na wapigaji wa Shankar, ambao wanashika njia na kuzaa wimbo papo hapo. Tofauti moja ni kubwa: Shankar tunalijua jina lake, na Alla Rakha vilevile.

Watoto wa Kamina je? Kitabu cha noti kilipochapwa Marekani, jina lililowekwa juu yake lilikuwa Guido Haazen. Hatumlaumu padri yule. Bila yeye pasingekuwa korali, wala disiki. Lakini mtoto aliyeanza Kyrie kwa sauti ile nyembamba, ambayo watu wameisikia kutoka Roma hata Nairobi, aliitwa nani? Mwalimu aliyepata shauri la kuweka ngoma ya kifo katika Credo, kijiji chake kipi? Muziki unaotungwa na wengi kwa desturi yetu hauna mwenyewe mmoja, na sheria za Ulaya za haki ya mtungaji zinamtafuta mmoja. Wasipomwona, wanamchukua aliye karibu na kalamu.

Neno la mwisho tulirudishe kwa wachimbaji. Miaka 28 nyuma ya safari ya Newcastle, wafanyakazi wa Union Minière waliacha kazi. Tarehe 9 Desemba 1941, katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, askari walipiga risasi juu ya umati uliokusanyika kuomba mshahara, na kati ya waliokufa alikuwa msemaji wao, Léonard Mpoyi. Newcastle ilipata opera yake. Kwa siku ile ya 1941 tuna picha zilizochorwa miaka ya 1970 na Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, picha za rangi kali ambazo watu waliweka sebuleni mwao. Tuna pia nyimbo za kilio zilizokuwa katika kinywa cha wajane. Kasala inajua kutaja wafu kwa majina. Mtungaji atakayekuja, kama ni mfratri wa semineri yetu au kijana wa mtaa, hatakosa chombo.

Kwa sasa kazi ni ndogo, na haingoji mtungaji. Mtoto aliyekuwa na miaka 9 katika Misa ya kwanza ya Kamina amepita leo miaka 75. Makatekista wa Kamina, wa Kasai, na wa Lubumbashi ambako wengi walihamia, ulizeni katika paroki zenu nani aliimba na Padri Haazen. Andikeni jina lake lote, kijiji chake, jina la baba na la mama, sauti aliyoimba, ya juu au ya chini, chombo alichopiga, na wimbo gani wa nyumbani alioleta. Kama amekufa, waulizeni watoto wake. Mkiweza, mwombeni aanze Kyrie, mumchukue sauti kwa telefone, hata kama sauti yenyewe imezeeka.